Amana ya Mtoto wa Mwenzio

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya baada ya Sala ya Adhuhuri, siku ya kumbukumbu ya Jumuiya yetu, Kigali





Katibu wa Jumuiya aliponijia kuniomba hotuba, alitaraji nitasema juu ya historia ya msikiti wetu, au juu ya wazee waliotutangulia katika mtaa huu. Nikamwambia kwamba nataka kusema juu ya mapadri na watawa wa Kikatoliki wa Ubelgiji waliowaficha watoto wa Kiyahudi katika Vita Kuu ya Pili. Alinitazama kwa muda, kisha akaandika katika karatasi yake, wala hakuniuliza neno. Namshukuru kwa subira yake. Najua miongoni mwenu wapo wanaojiuliza: Shekhe huyu amekosa nini la kusema juu ya Waislamu, hata akaenda kuokota habari za Manasara na Mayahudi huko Ulaya? Na wapo wanaosema moyoni: Palestina inalia, naye anatuletea msiba wa Mayahudi. Huyo nitamjibu kwa neno moja tu, kwamba mtoto wa miaka minne aliyekuwa akitafutwa Brussels mwaka 1942 hakuwa na deni kwa mtu yeyote, na dhulma haiwi halali kwa kuwa aliyedhulumiwa si wa kwetu. Wengine nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, maana safari hii inazunguka mbali lakini inarudi hapa hapa mtaani.

Habari hizi mimi sikuzijua zamani. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na Kifaransa changu ni cha sokoni. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyenisomea usiku baada ya Isha, yeye akisoma na kufasiri, mimi nikiandika. Kila nilipomwambia tuache tukalale, yeye ndiye aliyekataa.

Ubelgiji twaijua sisi watu wa Rwanda. Ndiyo iliyotutawala tangu majeshi yake yalipowatoa Wajerumani mwaka 1916 hata tulipopata uhuru mwaka 1962. Walakini mwaka 1940 mtawala naye alitawaliwa. Majeshi ya Hitler yaliingia Ubelgiji tarehe 10 Mei, na baada ya siku 18 mfalme wa Wabelgiji akasalimu amri. Wakati ule walikuwako katika nchi hiyo Mayahudi wapatao 66,000, wengi wao katika miji ya Antwerp na Brussels. Aghalabu walikuwa wageni waliokimbia taabu za Poland na Ujerumani. Raia miongoni mwao hawakuzidi mmoja katika kumi.

Mambo hayakuanza kwa kuua. Yalianza kwa kuandika. Oktoba mwaka 1940 Wajerumani waliamuru kila Yahudi aandikwe katika daftari la mji wake. Mwaka 1941 vitambulisho vyao vikapigwa mhuri wenye neno Yahudi, kwa Kifaransa na kwa Kiflamingi. Kufikia Juni mwaka 1942 kila mmoja, hata mtoto wa miaka sita, alilazimishwa kushonea nguoni nyota ya rangi ya manjano. Ndugu zangu, ni nani hapa anayehitaji kuelezwa maana ya kitambulisho kilichoandikwa asili ya mtu? Kadi zilizoandikwa Hutu, Tutsi na Twa zililetwa hapa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 ndizo zilizosomwa vizuizini. Sisemi kwamba jambo hili na lile ni moja. Nasema tu kwamba tukisoma habari za watu wale hatuhitaji mfasiri.

Tarehe 4 Agosti 1942 treni ya kwanza iliondoka Mechelen, mji ulio kwenye njia ya reli katikati ya Antwerp na Brussels. Hapo palikuwa na kambi ya askari iitwayo Dossin, ndimo walimokusanywa Mayahudi, wazee na vitoto vya kunyonya. Treni ya mwisho iliondoka tarehe 31 Julai 1944. Katika miaka hiyo miwili walichukuliwa watu zaidi ya 25,000, karibu wote kwenda Auschwitz katika nchi ya Poland. Waliorudi hawakufika 1,300. Na mji huo wa Mechelen ndio uliokuwa kiti cha Kardinali wa Wabelgiji, Jozef-Ernest van Roey. Kambi na kanisa kuu vilikuwa katika mji mmoja. Neno hili nitalirudia.

Sasa tuje kwenye kuficha. Kwanza, haki ni kusema kwamba Mayahudi hawakukaa wakingoja kuokolewa. Mwezi Septemba mwaka 1942 wao wenyewe, pamoja na rafiki zao wasio Mayahudi, waliunda kwa siri Kamati ya Kuwatetea Mayahudi, na kamati hiyo ikawa na sehemu ya watoto tu. Vijana wa kike walikwenda mlango kwa mlango wakiwaambia wazazi: tupeni watoto wenu, wala msituulize tunawapeleka wapi, maana mkikamatwa mkapigwa, mtasema. Fikirini mama anayeambiwa hivyo na msichana asiyemjua, naye anamfungia mwanawe nguo katika kitambaa na kumtoa. Kwa njia hiyo waliokolewa watoto zaidi ya 2,000.

Lakini mtoto akishatolewa kwao awekwe wapi? Kuficha mtu mzima ni kazi moja, na kuficha mtoto ni kazi nyingine. Mtu mzima utamweka darini akae kimya. Mtoto hulia, huugua, huhitaji maziwa na shule, na chakula cha wakati ule kilitoka kwa kadi za mgao ambazo zilitolewa kwa jina. Tena mtoto akiulizwa jina lake husema jina lake. Mahali palipokuwa na watoto wengi wasio na wazazi, na ambapo mtoto mmoja akiongezeka jirani hashangai, ni katika nyumba za watawa, na shule za bweni za Kikatoliki, na nyumba za mayatima, na mashamba ya Wakatoliki wema. Ndiyo sababu mapadri na masista waliingia katika jambo hili kwa wingi.

Mmoja wao aliitwa Dom Bruno. Jina lake la nyumbani ni Henri Reynders, amezaliwa mwaka 1903, naye alikuwa mtawa wa Kibenediktini katika monasteri ya Mont César mjini Louvain. Mwaka 1940 alikuwa padri wa askari, akajeruhiwa na kutekwa, akarudi kwao mwaka 1941. Baadaye wakubwa wake walimtuma kijiji cha Hodbomont kuwa padri wa nyumba ya vipofu, na alipofika aligundua kwamba humo wamefichwa Mayahudi, wazee na watoto. Aliyepanga mambo hayo alikuwa wakili Mkatoliki wa mji wa Liège, jina lake Albert Van den Berg, na askofu wa Liège, Louis-Joseph Kerkhofs, aliunga mkono. Askofu huyo mwenyewe alimficha rabi wa Liège kwake.

Nyumba ile ya vipofu ilipokuwa haina salama tena, Dom Bruno alirudi Louvain, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kutafuta milango. Alikwenda kwa baiskeli na kwa treni, mtoto mmoja leo, wawili kesho, akiwapeleka kwa masista, kwa wakulima, hata kwa mama yake mzazi na kwa ndugu zake. Alitafuta vyeti vya ubatizo vya uwongo na kadi za chakula, akalipa ada, na kisha alirudi kuwatazama. Hilo la kurudi kuwatazama lilinigusa khasa, kwa kuwa sisi tuna desturi ya kutoa sadaka na kwenda zetu. Wakili Van den Berg alikamatwa mwaka 1943, akafa mikononi mwa Wajerumani mwaka 1945. Mwaka 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, waliivamia monasteri ya Mont César wakimtafuta Dom Bruno, wasimkute. Akavua joho lake, akavaa nguo za raia na kofia ya kuficha utosi ulionyolewa kitawa, akaendelea. Walioorodheshwa kuwa wamepita mikononi mwake ni kama 390.

Wa pili ni padri Joseph André wa mji wa Namur. Alikuwa mtu dhaifu wa mwili, na nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na makao ya wakuu wa jeshi la Kijerumani. Watoto waliingia kwake na kutoka, akiwalaza na kuwalisha mpaka apate pa kuwapeleka, na askari wale wako pua na mdomo. Padri huyu hakuwataka watoto waiache dini ya baba zao. Alijua ya kwamba amewapokea watoto wa Kiyahudi na kwamba atatakiwa kurudisha watoto wa Kiyahudi.

Hapa ndipo penye fundo la hotuba yangu. Mtoto wa Kiyahudi aliyewekwa kwa masista alipaswa kujua kupiga ishara ya msalaba na kujibu sala za Kilatini, kwa sababu asingejua, angejulikana. Jina lake liliondolewa, akapewa jina la Kikristo. Aliambiwa asahau lugha ya nyumbani. Yaani maficho yenyewe yalikuwa ni dini ya mtu mwingine. Mtoto wa miaka mitatu akikaa hivyo miaka miwili, ni nini kilichobaki kwake cha kwao? Na yule aliyemficha, akiwa ni mtu wa dini anayeamini kwamba ubatizo ndiyo njia ya kuokoka, ni nini kitakachomzuia asiseme: Mungu ameniletea roho hii, nitaichukua?

Wako waliobatiza, wengine kwa ajili ya usalama, wengine kwa imani yao, wengine kwa kuwa mtoto mwenyewe aliomba ili afanane na wenzake. Sitaficha jambo hilo. Lakini tazameni walichofanya wale wenye kujua maana ya amana. Waliandika. Dom Bruno alikuwa na vijitabu vyake, mna jina la kweli la mtoto, na jina la uwongo, na mahali alipo. Ile Kamati ya Mayahudi nayo ilikuwa na daftari tano zilizowekwa mahali mbalimbali: moja ina jina la kweli na namba, nyingine jina la uwongo na namba, nyingine anwani ya wazazi, nyingine mahali alipofichwa, hata adui akipata moja asiweze kuelewa kitu. Mmoja wa walioshika kazi hiyo alikuwa mwalimu kijana, Andrée Geulen, ambaye alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 100.

Mtu mwenye akili atasema: hatari iliyoje! Katika vita vya namna ile, karatasi moja ikikamatwa ni mauti ya watu mia. Kwa nini wasiache kuandika? Nilimwuliza binti yangu hivyo hivyo. Akaniambia: Baba, wasingeandika, mtoto angepona lakini asingerudi.

Sipiti bila kuwaeleza habari ya usiku mmoja. Katika Anderlecht, sehemu ya Brussels, palikuwa na nyumba ya watawa iitwayo ya Mwokozi Mtakatifu, na humo walifichwa wasichana wa Kiyahudi kama 15. Tarehe 20 Mei 1943 Gestapo walifika mlangoni. Mtu alikuwa amekwisha kuwasaliti. Mkuu wa watawa aliomba wapewe muda wawafungashe watoto nguo, na Wajerumani wakakubali kuja kuwachukua kesho yake. Sijui walikubali kwa nini. Dhalimu naye hughafilika. Habari zikawafikia vijana wa upinzani, miongoni mwao kijana wa Kiyahudi wa miaka 17. Usiku ule ule waliingia na bastola, wakawafunga masista kwa kamba, wakatawanya vyombo kana kwamba wamevamia, wakawachukua watoto wote. Asubuhi Gestapo wakakuta masista wamefungwa na vitanda vitupu. Masista walikubali kufungwa kamba, na walikubali kuulizwa maswali na watu ambao hawakuwa na huruma, na kila mmoja akashika neno moja.

Sasa nirudi Mechelen, maana mizani isiyo na upande wa pili si mizani. Kardinali van Roey hakusimama kupiga kelele hadharani. Alituma maombi ya faragha kwa Wajerumani, khasa juu ya baadhi ya watu, na aliwaacha mapadri wake wafanye waliyoyafanya. Walikuwapo maaskofu wa nchi jirani waliosema wazi. Huko Ufaransa, tarehe 23 Agosti 1942, Askofu Mkuu Jules-Géraud Saliège wa Toulouse, mzee mgonjwa ambaye hata kutamka vizuri hakuweza, aliamuru barua yake isomwe makanisani, ya kwamba Mayahudi ni watu, ni ndugu, na si kila jambo linajuzu kutendewa. Huko Uholanzi maaskofu nao walisomesha barua ya kupinga mwezi Julai mwaka 1942, na Wajerumani wakalipiza kwa kuwakamata Mayahudi waliokwisha kubatizwa, miongoni mwao mtawa Edith Stein, aliyeuawa Auschwitz mwezi Agosti. Basi wapo wanaosema kunyamaza kulikuwa ni hekima, na wapo wanaosema ni woga. Juu ya Papa Pius XII mwenyewe wanavyuoni wanabishana hata leo, na tangu makao yake ya nyaraka yalipofunguliwa mwezi Machi mwaka 2020 ubishi umezidi. Mimi si wa kuhukumu Roma. Lakini nionavyo, katika Ubelgiji, padri mdogo wa parokia na sista wa jikoni walifanya ambayo wakubwa hawakuyatamka, na hili sisi tumeliona pia kwa macho yetu mwaka 1994, katika dini zote.

Vita vilipokwisha ndipo mtihani wa pili ulipoanza. Wazazi wachache walirudi, na watoto wengine hawakuwatambua. Wengi hawakuwa na wa kuwarudia. Padri André aliwarudisha watoto wake kwa jamaa zao na kwa jumuiya ya Mayahudi. Dom Bruno alifanya kazi kubwa ya kuwaunganisha watoto na jamaa, lakini ilipokuwa mtoto hana mtu, naye anawapenda waliomlea na ameshika dini yao, alitaka kila jambo litazamwe peke yake, na kwa hilo alivutana na wakuu wa Kiyahudi. Hata mtu mwema hapo aliona njia ina giza.

Kibaya zaidi kilitokea Ufaransa. Watoto wawili wanaume, Robert na Gérald Finaly, waliozaliwa mwaka 1941 na 1942, waliachwa na wazazi wao Mayahudi waliokamatwa karibu na Grenoble mwezi Februari mwaka 1944 wasirudi tena. Walikabidhiwa kwa masista, na masista wakawatia mikononi mwa mwanamke Mkatoliki, Antoinette Brun, aliyeendesha nyumba ya kulelea watoto ya mji ule. Alihatarisha maisha yake kwa ajili yao, haina shaka. Tangu mwaka 1945 shangazi zao walianza kuwadai. Bibi huyo akakataa. Mwaka 1948 akawabatiza. Mashauri yakaenda mahakamani miaka mingi, na mahakama ilipoamua mwaka 1953 kwamba watoto warudishwe, wako mapadri na masista waliowatorosha na kuwavusha mpaka Hispania, wakafichwa tena, safari hii wakifichwa ndugu zao wenyewe wasiwapate. Baadhi ya mapadri na mama mkuu mmoja wakatiwa ndani. Watoto walirudishwa mwezi Juni mwaka huo, na mwezi Julai wakaenda kwa shangazi yao Israeli. Tazameni basi: njia zile zile, milango ile ile, na khofu ile ile ya mtoto usiku, ila sasa kinachofichwa ni amana isirudi kwa mwenyewe.

Nilipolisikia jambo hili nilimwambia binti yangu afunge kitabu. Akadhani nimechukia Wakatoliki. Sikuwachukia, nilikuwa nimejiona mwenyewe.

Wazee wengi hapa wanaijua nyumba ya marehemu mama yangu kule Biryogo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nyumba nyingi za mtaa ule zilificha watu. Sisemi kwamba Waislamu wote walikuwa wema. Wapo wa kwetu walioua, na mahakama ziliwahukumu. Kwetu alikuwako mtoto wa kike wa miaka kama sita, ambaye mama yake alimsukuma mlangoni kwetu akaenda, na hatukumwona tena. Mama alimtia mtandio, akamwita Zuhura, na wauaji walipoingia alisema ni mjukuu wake. Mimi sikuwa nimefika miaka 25, nimetoka chuoni karibuni, na kazi yangu ilikuwa kumfundisha sura fupi ili akiulizwa asome. Alikuwa na akili nyepesi kuliko watoto wote niliopata kuwafundisha hata leo.

Lakini kila usiku, taa ikizimwa, nilimsikia mama akimnong'oneza. Anamwuliza: jina lako nani? Naye anajibu jina lake alilobatiziwa. Baba yako nani? Anajibu. Kilima chenu? Anajibu. Kisha mama anamwambia: sasa lala, na kesho wewe ni Zuhura. Nilikasirika. Nilimwambia mama kwamba anatuua sote, mtoto atasema jina lile mchana mbele ya watu. Mama hakunijibu, na usiku uliofuata akamwuliza tena.

Mwezi Septemba mwaka ule alikuja mtu mgeni, amevaa rozari shingoni, amekuwa mkimbizi Burundi tangu utoto wake, anatafuta watoto wa dada yake. Akataja jina la mtoto na la baba na la kilima. Vijana wa mtaani tukakutana, na mimi ndiye niliyesema sana. Nilisema mtoto huyu ameshajua kusali, ameshahifadhi sura kadha, na kumtoa ni kumrudisha kwenye upotofu. Na jamaa yake huyu hana nyumba wala kazi. Wengi waliniunga mkono. Sisi ambao wazee wetu, enzi ya makambi ya Waswahili, walinung'unika walipoona watoto wao wakipewa majina mapya ili wapate kusoma shule, leo tulikuwa tunataka kufanya hayo hayo, na tukaona ni thawabu.

Mama alitoka chumbani na gauni. Lilikuwa gauni dogo alilokuja nalo yule mtoto, limefuliwa na kukunjwa, alilihifadhi katika sanduku la nguo zake za arusi. Akampa yule mjomba, kisha akanigeukia mimi mbele ya wenzangu, akasema: "Mwanangu, huyu tuliwekewa. Wewe ulidhani tumepewa?" Mtoto alilia sana, alimshika mama mguu, na mama naye alilia. Akaenda.

Dini yetu inatuamuru mtoto aitwe kwa jina la baba yake, na amana irudi kwa mwenyewe, awe Mwislamu au si Mwislamu. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo kwa mwalimu. Mama hakuwahi kuyasoma. Na sote tunasimulia kila mwaka habari ya Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, aliyewapokea sahaba waliokimbia mateso ya Makka, na Makureshi walipotuma wajumbe na zawadi ili wapewe wale wakimbizi, mfalme alirudisha zawadi. Husahau kutaja kwamba hakuwalazimisha waingie dini yake ili wapate kukaa kwake.

Yule mtoto leo ni mama wa watoto wanne. Ni Mkatoliki. Mama yangu alipofariki alikuja kwenye maziko, akakaa na akina mama ndani siku tatu, na watu waliomwuliza yeye ni nani aliwaambia kwamba ni Zuhura. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia haya, akakubali kwa sharti nisitaje jina lake jingine.

Sasa neno langu la mwisho ni ombi, na ndilo lililonileta. Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Baitul Muqaddas, imeandika majina ya Wabelgiji zaidi ya 1,700 waliowaokoa Mayahudi bila ujira, Dom Bruno akiwa miongoni mwao tangu mwaka 1964. Wameandikwa kwa sababu wale walioficha walikuwa na daftari, na waliofichwa walijitokeza wakasema. Sisi hatukuwa na daftari. Daftari zetu zilikuwa ni vichwa vya akina mama kama marehemu mama yangu, na kila mwaka tunawazika. Katika mtaa huu wako wazee wanaojua ni nani alilala darini kwa nani, ni mtoto gani alirudishwa na kwa nani, na ni yupi ambaye hakurudishwa, akakua kwetu bila kuambiwa jina la baba yake. Hao wa mwisho wapo, na baadhi yenu mnawajua.

Nimezungumza na Katibu. Amenunua daftari mbili kubwa: moja itaandikwa majina ya walioficha na waliofichwa, nayo itasomwa na kila mtu. Ya pili itaandikwa majina ya watoto ambao hawajaambiwa asili yao, nayo itakaa katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Imamu na mmoja kwa mwenyekiti wa akina mama, na haitafunguliwa ila kwa ajili ya mtoto mwenyewe au jamaa yake. Kuandika kutaanza kesho baada ya Alasiri, katika chumba cha madrasa. Wasioweza kutembea watafuatwa nyumbani.